Namna ya Kupima Masafa na Muda wa Safari ya Ndege kutoka Lamu hadi Malindi

Katika kazi yangu ya kuwakatia watu tiketi hapa Lamu, naulizwa kila siku, "Nitafika saa ngapi?" Swali hilo lina majibu mawili, kwa kuwa muda ambao ndege iko angani ni mmoja, na muda wa msafiri tangu mlangoni kwake ni mwingine. Yote mawili unaweza kuyapata kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, andika latitudo na longitudo za viwanja viwili. Uwanja wa Manda, unaotumiwa na watu wa Lamu, uko karibu na nyuzi 2 dakika 15 kusini, na nyuzi 40 dakika 55 mashariki. Ule wa Malindi uko nyuzi 3 dakika 14 kusini, na nyuzi 40 dakika 6 mashariki. Tofauti ni dakika 59 za latitudo na 49 za longitudo. Dakika hizi ni sehemu ya 60 ya uzi mmoja, wala si za saa.

Pili, tafuta masafa. Sisi tulio karibu na ikweta tuna wepesi ambao watu wa nchi za mbali kaskazini hawana: kwetu dakika moja, ya latitudo au ya longitudo, inakaribia maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Zidisha 59 kwa 59 na 49 kwa 49, jumlisha upate 5,882, kisha tafuta kipeuo chake cha pili. Utapata maili 77 hivi, sawa na kilomita 142. Mwenye kusafiri kwa basi asitumie hesabu hii, kwani barabara huzunguka Garsen na Witu, na huishia Mokowe, kwenye gati la upande wa bara.

Tatu, gawanya masafa kwa mwendo wa ndege. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ikienda maili 170 za baharini kwa saa, hutumia dakika 27, nami huongeza 10 za kupaa na kutua.

Upepo nao uhesabiwe. Malindi iko kusini-magharibi mwetu, hivyo kaskazi husukuma ndege kwa nyuma kama inavyosukuma jahazi, na kusi huipinga. Upepo wa nyuma wa maili 15 kwa saa hushusha zile dakika 27 hadi 25. Wa mbele wa kiasi hicho huzifikisha 30. Uliza pia kama ndege itatua kwingine njiani, maana kituo kimoja hupoteza muda kuliko upepo wowote.

Mwisho, hesabu ardhi na maji. Niliwahi kumtajia mama mmoja muda wa angani pekee, akachelewa miadi yake ya kliniki, na jambo hilo liliniuma sana. Tangu hapo humhesabia mteja punda wa mizigo hadi gatini, kungoja boti, robo saa ya kuvuka hadi Manda, na saa nzima ya kuwahi uwanjani. Ndege ikiondoka saa nne asubuhi, toka nyumbani saa mbili na nusu.