Jinsi ya kuyahoji mawazo kabla hayajakunyang'anya amani

Wengi wetu tunaikariri Wafilipi 4:7, ile ahadi ya amani ya Mungu ipitayo akili zote, lakini hatuendelei hadi aya ya 8, ambamo Paulo anaagiza mambo ya kutafakari. Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, akiwaandikia watu wa Filipi, mji uliokuwa koloni la Kirumi, na neno la Kigiriki lililotafsiriwa "itawahifadhi" ni la askari walindao mji. Mlinzi wa lango hafukuzi kila mgeni, bali humsimamisha na kumhoji. Hivyo ndivyo tunavyofanya katika jumuiya yetu.

Hatua ya 1: Liandike wazo kwa sentensi kamili. Tumia daftari, si simu, kwa maana ukiishika simu saa tisa usiku utaishia kusoma ujumbe wa watu. Usiandike "nina hofu". Andika kile hasa ambacho moyo unakisema. Mimi niliwahi kuandika hivi: "Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hakunisalimia Jumapili kwa sababu anadhani nimekula fedha za harambee." Nilikuwa nimelibeba neno hilo siku nne, na nilipolisoma kwenye karatasi nikagundua kuwa ni mambo mawili yaliyoshonwa pamoja: "hakunisalimia", nililoliona kwa macho yangu, na "anadhani", nililojitungia mwenyewe.

Hatua ya 2: Uliza kwanza kama ni kweli. Paulo ametaja yaliyo ya kweli kabla ya yaliyo ya staha, ya haki, safi na yenye kupendeza, nami naona mpangilio huo una faida kubwa, kwa kuwa watu wengi hurukia yenye kupendeza, wakajilazimisha kuwaza mazuri huku uongo ukibaki chini bila kuguswa. Pigia mstari unachokijua na uzungushie duara unachokikisia. Ikiwa deni lipo, au daktari amethibitisha ugonjwa, usijidanganye kwamba hakuna kitu. Wazo hilo limefaulu mtihani na linastahili kushughulikiwa.

Hatua ya 3: Geuza kilichobaki kuwa haja. Aya ya 6 inataka haja zetu zijulikane na Mungu, pamoja na kushukuru, kwa hiyo itaje kwa jina na kwa kiasi: "Bwana, ada ni shilingi 180,000, nami nashukuru kwa 60,000 nilizonazo." Ukimaliza, andika chini yake tendo moja tu utakalolifanya kesho.

Hatua ya 4: Wazo likirudi, na litarudi, lijibu kwa andiko moja. Yesu alimjibu mjaribu jangwani kwa "Imeandikwa", na Evagrius, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri hadi alipofariki mwaka 399, aliyagawa mawazo yasumbuayo katika makundi manane, akakusanya maandiko ya kujibu kila kundi. Wewe huhitaji mengi kiasi hicho. Chagua aya moja inayolingana na wazo lako, kwa mfano Zaburi 42:5, ambamo mtunga zaburi anaihoji nafsi yake kwa nini inainama, na uitamke kwa sauti wiki nzima. Hata hivyo, ikiwa usingizi umekutoka kwa majuma kadhaa au unawaza kujidhuru, nenda hospitali mara moja huku ukiendelea kuomba. Kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Hatua ya 5: Litende lile uliloliandika. Aya ya 9 inasema "yatendeni hayo", na hapa ndipo wanajumuiya wengi hukwama, nami nilikwama pia kwa siku mbili kabla ya kumpigia mwenyekiti. Kumbe kweli alikuwa na swali, ila lilihusu stakabadhi moja ya saruji, ambayo nilimpelekea jioni ileile.