Mzee akiwa bado yuko fiti, mwambieni aandike wosia

Jamani mwenye mzazi mtu mzima asikie hii, msisubiri mpaka mzee amelazwa ndo mnakimbizana na karatasi wodini, wosia ulioandikwa mtu hajitambui unapingwa kirahisi sana mahakamani. Hapa Tanzania kwa sheria za kimila, mzee anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi angalau wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, ila kama hajui kusoma basi wanne, wawili ukoo wawili baki, anaweka dole gumba, na shahidi asiwe yule anayerithi (hapa ndo wengi tunafeli, unakuta wamesaini watoto wote watano!). Mke au mume naye awepo. Kwa Waislamu kumbuka wosia ni theluthi tu ya mali, mbili zilizobaki zinafuata mgawanyo wa mirathi ya Kiislamu.

Kama mzee ameshaanza kusahausahau, mpelekeni kwanza kwa daktari ampime, mkipata barua kwamba akili iko sawa iambatanisheni na wosia. Wosia wenyewe mnaweza kuutunza RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), usikae chini ya godoro.

Halafu ile pawa ofu atoni aliyokupa ya kushughulikia mambo yake, ujue inakufa naye siku hiyohiyo. Kadi yake ya benki usiende kuchomolea hela za msiba eti namba ya siri unaijua, subiri msimamizi wa mirathi ateuliwe, la sivyo ndugu watakushika shati.