Kwa baiskeli kutoka Iringa: Kalenga siku ya kwanza, Isimila siku ya pili

Safiri kati ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu. Asubuhi kuna baridi kali, kwa hiyo vaa sweta juu ya nguo nyepesi.

Kinachowaangusha wengi ni mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo, bondeni chini ya mji, kwenye njia ya Isimila. Kabla ya kuondoka, kagua mipira ya breki: ikiwa mifereji yake imefutika, badilisha yote minne. Ukishuka usiishike breki mfululizo. Rimu hupata moto, kiraka cha tyubu huachia, na pancha ya gurudumu la mbele kwenye mwendo mkali ni hatari kweli. Bana, achia, bana tena, ukitumia breki zote mbili.

Beba tyubu moja nzima, viraka, solusheni, msasa, pampu na spana ya nati za magurudumu (ijaribu nyumbani), pamoja na maji lita 3. Mzigo ufungwe kwenye keria, si mgongoni.

Kalenga, kama kilomita 15 kwa barabara ya Hifadhi ya Ruaha, ndiko yalikokuwa makao ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, yaliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limo kwenye makumbusho. Usiharakishe hapo.

Isimila, penye zana za mawe na nguzo za udongo, ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Malori ni mengi: ukisikia honi nyuma, hamia pembeni mapema. Kurudi mjini ni kupanda, kwa hiyo bakiza lita 1 ya maji.