Kulinganisha kitunguu saumu pori na piti mosi kwa hadubini

Juzi binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Nyakato, alikuja na zoezi la kulinganisha Allium ursinum, kitunguu saumu pori cha misitu ya Ulaya, na Sphagnum, mmea unaotoa piti mosi, ile mboji nyepesi ya kuoteshea miche vitaluni. Saa nne ziliisha, tatu kati ya hizo kwenye hatua ya tatu.

1. Vielelezo. Ursinum huku Mwanza hatunayo, kwa hiyo otesha punje ya saumu ya sokoni. Ni jenasi ileile. Andika wazi kwamba seli ulizochora ni za saumu, maana jani la ursinum ni pana na lina kikonyo. Sphagnum tafuta nyuzi ndefu kavu kwa wauza okidi. Piti ya kusagwa iache, majani yake yamekwisha kukatika.

2. Bandua ngozi ya jani la saumu, tazama stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa.

3. Jani la Sphagnum. Lina unene wa seli moja tu, ukilivuta kwa vidole linachanika, tumia kibano. Tulipoliweka kwenye tone la maji tukaona weusi mtupu. "Baba mdogo, hadubini imekufa." Tukabadili lenzi, tukahamia dirishani, weusi uleule. Kumbe ni hewa! Seli kubwa za jani hilo zimekufa, ni tupu na zina matundu. Zikikauka hujaa hewa, na hewa chini ya hadubini huonekana nyeusi. Loweka kwanza kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni ya vyombo, mpaka jani lizame lenyewe. Kisha tia jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, iliyozimuliwa sana, halafu suuza. Mimi siitafutii rangi nyingine: iko duka lolote la dawa, na inatoa vizuri nyuzi zilizozunguka ndani ya seli tupu. Ikizidi, matundu hayaonekani, anza na jani jipya. Ukipatia utaona wavu: seli tupu, na katikati yake seli nyembamba zilizokuwa na kloroplasti, zile chembe za kijani.

4. Jedwali. Anza na maji. Saumu ina mizizi, zailemu (mirija ya kupandisha maji) na stomata za kufunga. Sphagnum iliyokomaa haina hata mizizi, inanyonya kama sponji, hadi mara 20 ya uzito wake mkavu. Mstari wa pili, ambao wanafunzi wengi huuruka: mmea wa saumu tunaouona ni sporofaiti (kizazi kinachotoa spora), wa Sphagnum ni gametofaiti (kizazi kinachotoa gameti, yaani seli za uzazi za kiume na kike), kwa hiyo majani hayo mawili si ya kizazi kimoja. Maua na spora ziandike mwisho.