Umestaafu Marekani unarudi Uganda? Weka sawa mambo ya urithi wa nyumba yako ya kule kabla ya kupanda ndege

Shangazi yangu amerudi Bombo baada ya miaka mingi ya kutunza wazee huko Pennsylvania, nyumba yake bado iko kule ina wapangaji, na hati alikuwa anaiweka kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Tulikaa mkekani jioni nzima tukiipitia, ndo maana naandika, sababu wengi wetu wanaona kwa vile Uganda hatuna kodi ya urithi basi wako salama. Hapana jamani, nyumba inafuata sheria ya pale iliposimama.

Kwanza angalia iko jimbo gani. Pennsylvania wanakata kodi ya urithi kwa undugu: mtoto 4.5%, ndugu wa tumbo moja 12%, mpwa 15%. Hapo ndipo pananiuma, maana kwetu mtoto wa dada uliyemlea tangu anatambaa ni mwanao kabisa, ila wao wanamhesabu mpwa tu labda uwe ulimuasili kortini. Maryland mpwa ni 10%. Nyie wa Waltham, jimbo lenu la Massachusetts halijali undugu, linaangalia kama mali imevuka dola milioni 2.

Halafu uraia, na hapa tulia kabisa. Raia wa Marekani akifariki 2026 serikali kuu inamsamehe mpaka dola milioni 15, lakini wewe uliyerudisha grini kadi (kibali cha kuishi kule moja kwa moja) ukahamia nyumbani moja kwa moja bila pasipoti yao, nyumba ya kule inasamehewa dola 60,000 peke yake, inayobaki inakatwa mpaka 40%. Usirudishe kadi kabla hujaongea na loya wa kodi wa kule.

Usikimbilie pia kumgawia mtoto nyumba ukiwa hai, siku akiuza faida yake wanaihesabu kuanzia bei uliyonunulia wewe, kodi ya faida inamkaba, wakati akirithi wanaanzia bei ya siku uliyofariki. Na Pennsylvania zawadi ya mwaka wa mwisho kabla ya kifo wanairudisha kwenye urithi.

Ya hapa nyumbani ni mepesi: ukimpa mtu ardhi leo, ushuru wa stempu ni 1.5% ya thamani. Wosia andika, mashahidi wawili wasiwe warithi, kwa sababu shahidi aliyeandikiwa kitu anakikosa.

Na hati piga kopi umpe mtu unayemwamini. Ya shangazi imeshatoka kwenye kopo, iko kwa binti yake.