Kuweka ethi ya jenereta ya pampu shambani, na ile nyutro ambayo wengi wanairuka

Jirani yangu huku Mang'ola anamwagilia vitunguu kwa pampu ya jenereta ya singo fezi. Rodi ya ethi ipo, RCD mpya (swichi inayokata umeme ukivuja) ipo, lakini ukigusa bomba linakupiga shoti na RCD imetulia tuli. Tulichofanya ni hiki.

1. Rodi. Ya chuma iliyopakwa shaba, isipungue mita 1.2, mimi napendelea 2.4. Ichimbie karibu na mfereji, udongo usipokauka. Nondo ya kujengea usiweke, inaliwa na kutu huko chini na wewe huioni. Chumvi ambayo wengine wanamwaga kwenye rodi nayo inasombwa na maji na inakula klampu, bora uongeze rodi ya pili, mbali na ya kwanza angalau urefu wa rodi yenyewe.

2. Waya. Kijani na njano, wa shaba, kutoka rodi mpaka boliti ya bodi (mwili wa chuma) ya jenereta. Sugua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae.

3. Kebo ya pampu. Kebo ya kore tatu (nyaya tatu ndani: laini inayoleta umeme, nyutro inayourudisha, na ethi), ethi ya pampu irudi mpaka kwenye jenereta. Wengine wanachimbia rodi pembeni ya pampu basi wameridhika. Piga hesabu: rodi ya pampu ohm 20, ya jenereta ohm 20, umeme volti 230, laini ikigusa bodi ya pampu, hata nyutro ikiwa imeungwa na ethi, zinapita ampea 6 hivi, breka ya ampea 20 haitashtuka na bodi ya pampu inabaki na umeme.

4. Nyutro. Hapa usikimbie. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na bodi, inaelea, kwa hiyo laini ikigusa bodi ya pampu umeme hauna njia ya kurudi na RCD haioni kitu, halafu ikitokea hitilafu ya pili upande wa nyutro, mtu aliyesimama kwenye maji peku ndiye anakuwa njia. Dawa ni kipande cha waya kutoka nyutro kwenda boliti ya ethi, KABLA ya RCD, sehemu moja tu. Ukiunga tena baada ya RCD itakuwa inakata ovyo.

Ila kabla hujaunga, zima injini, chomoa kila kitu, weka maltimita kwenye ohm, pima matundu mawili ya umeme ya soketi (laini na nyutro, siyo la ethi), kila moja na bodi. Hakuna mawasiliano kabisa? Inaelea, unga. Kama yapo, usiunge kwanza, iwashe upime volti: nyutro na bodi ikisoma sifuri, kiwandani walishaunga, iache. Matundu yote mawili yakisoma kama 115, koili ya jenereta imeungwa na bodi katikati yake, ukiunga hapo unaichoma, muite fundi. Jenereta za inverta fuata kitabu chake. Na kama unabadilishana na TANESCO kwenye swichi moja, hiyo kazi ya fundi mwenye leseni, nyutro isiungwe mara mbili.

5. Jaribio. Kitufe cha testi cha RCD kinapima RCD yenyewe, hakipimi ethi yako, hata nyutro ikielea kitakata vizuri tu. Mwambie fundi, jenereta ikiwa imezimwa, afunge globu ya wati 25 kati ya laini na ethi kule mwisho, kwenye pampu, kisha muwashe mkiwa mbali. RCD ikikata papo hapo, sawa. Globu ikiwaka na kuendelea kuwaka, RCD ni mbovu au imefungwa vibaya. Isipowaka na RCD isikate, waya wa ethi umekatika njiani au nyutro bado inaelea, rudi hatua ya 3 na ya 4, na pampu isiwashwe.