Jinsi ya kuomba kadi ya nauli ya mwanafunzi Paris: fomu ni rahisi, kazi iko kwenye sanduku la barua

Kama umepata chuo Paris au vitongoji vyake na hujafikisha miaka 26, kadi ya kuhangaikia ni moja tu: Imagine R Étudiant. Unapanda nayo metro, RER (treni za haraka zinazokatiza jiji hadi vitongojini), tramu, mabasi na treni za vitongoji, kanda zote, mwaka mzima. Kwa mwaka wa masomo 2025/2026 bei yake ilikuwa chini kidogo ya yuro 400, humo zikiwemo yuro 8 za kushughulikia maombi. Pasi ya kawaida ya mwezi, Navigo, ilikuwa yuro 88.80 mwaka 2025. Piga hesabu mwenyewe: ukikaa miezi mitano, kadi imesharudisha gharama yake. Hata anayekuja kwa muhula mmoja mrefu ananufaika.

Umri unahesabiwa kufikia tarehe 1 Septemba. Ukitimiza 26 tarehe 2, umepona kwa mwaka mzima. Ukitimiza tarehe 31 Agosti, pole sana, hata kama umeshika kitambulisho cha chuo kinachong'aa. Hili linatuumiza hasa sisi Waafrika Mashariki, maana wengi tunakuja kusoma shahada ya pili baada ya kufanya kazi miaka kadhaa, na mfumo huu unamwona mwanafunzi kuwa ni kijana wa miaka 19 anayetoka kwa mama yake. Waliovuka umri nimewawekea maelezo yao huko chini.

Karatasi zina mpangilio wake na hazirukwi. Kwanza unalipa CVEC, mchango wa lazima wa maisha ya wanafunzi, mtandaoni (yuro 105 kwa 2025/2026) na kupakua cheti chake, kwa sababu chuo hakikusajili bila hicho. Ukishasajiliwa, unapata certificat de scolarité, yaani cheti cha kusajiliwa chuoni, ya mwaka huo, kwa kawaida kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Hiyo ndiyo karatasi inayotakiwa. Barua ya udahili uliyopeleka ubalozini kuombea viza, hata iwe na mihuri mitatu, hapa haina kazi.

Maombi yanafanyika kwenye tovuti ya Île-de-France Mobilités, mamlaka ya usafiri ya mkoa wa Paris. Picha, tarehe ya kuzaliwa, chuo, mwezi wa kuanza. Hayo utayamaliza kabla chai haijapoa. Angalia tu mambo mawili. Andika jina kama lilivyo kwenye certificat, kwa mpangilio ule ule, maana sisi wenye majina matatu huwa tunalibadilisha la mwisho kutegemea fomu. Na mwezi wa kuanza usiuchague kwa tamaa. Kadi inaanza tarehe 1 ya mwezi uliochagua na maandalizi yanachukua kama wiki tatu, kwa hiyo anayeomba mwishoni mwa Septemba akachagua Oktoba atalipia siku ambazo kadi bado iko njiani.

Malipo: kwa mkupuo, au kukatwa kidogo kidogo mara tisa kwenye akaunti ya benki. Kukatwa kunahitaji IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, na akaunti zetu za Tanzania na Kenya hazina kitu hicho. Ukienda kufungua akaunti ya Ufaransa, benki inataka uthibitisho wa makazi. Mwenye nyumba naye anataka akaunti ya benki. Unazunguka hapo mpaka mmoja wao akuonee huruma. Njia fupi ni kulipa kwa mkupuo kwa kadi ya nyumbani inayokubali malipo ya mtandaoni nje ya nchi. Ila laini yako ya nyumbani iwe hewani, kwa sababu namba ya kuthibitisha malipo inakuja kwa ujumbe kwenye laini ile ile uliyomwachia mdogo wako uwanja wa ndege.

Sasa tufike penye gharama. Kadi inatumwa kwa posta hadi unapokaa. Sisi tumekulia kwenye S.L.P. ya shule, ya kanisa au ya ofisini kwa baba. Barua ikifika, kuna mtu ataileta. Ufaransa kila nyumba ina kisanduku chake mlangoni mwa jengo, na mleta barua anasoma jina lililobandikwa juu yake. Jina lako lisipokuwepo, bahasha inarudi ilikotoka na kibandiko kinachosema "destinataire inconnu à l'adresse", yaani huyu mtu hapa hajulikani. Unaishi pale, unalipa kodi pale, lakini hujulikani.

Jengo nililofikia, wasimamizi waliniahidi kwamba jina langu litabandikwa "wiki hii". Ilikuwa Agosti. Mwenye kazi hiyo alikuwa likizo, msaidizi wake likizo, na mashine ya kuchapa vibandiko imefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake nao ulikuwa likizo. Kadi yangu ilikuja, ikasoma majina ya watu wengine, ikarudi. Nikanunua Navigo ya mwezi mzima huku Imagine R niliyokwisha kuilipia ikizunguka na magari ya posta.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, shuka ukatazame kisanduku. Kama hakina jina lako, kata kipande cha karatasi, andika kwa herufi kubwa, bandika kwa gundi ya uwazi, usisubiri idhini ya mtu. Ukiwa umefikia kwa rafiki au ndugu, kwenye anwani andika jina lako, kisha "chez" (yaani kwa fulani) na jina lake kama linavyosomeka kwenye kisanduku. Ukiwa hosteli ya CROUS, shirika la umma la huduma za wanafunzi, uliza mapokezi barua zinagawiwaje, na namba ya chumba iandike kwenye sehemu ya "complément d'adresse" (nyongeza ya anwani) ambayo kila mtu huiruka. Ukienda dirishani kuuliza, anza na "bonjour", subiri ijibiwe, ndipo useme shida yako. Anayeingia na swali mkononi hujibiwa kama mtu aliyekanyaga sebule na viatu vyenye tope. Sisi kwa salamu hatuna shida. Tatizo ni kwamba tunataka pia kuuliza habari za watoto, na foleni nyuma inaguna.

Wakati unasubiri, nunua kadi ya Navigo Découverte kwa yuro 5 (ni kadi tupu, pasi unaipakia na kuilipia kivyake), ubandike picha yako na uandike jina siku hiyo hiyo, kwa sababu mkaguzi akiikuta haina picha ni faini. Pasi ya wiki ni Jumatatu hadi Jumapili, na ya mwezi ni tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi, haijalishi umenunua lini. Ukifika Ijumaa, usikimbilie ya wiki, tumia tiketi za moja moja (metro yuro 2.50 mwaka 2025) hadi Jumatatu. Tiketi ya uwanja wa ndege ni ghali, yuro 13 mwaka huo, lakini pasi ya mwezi na Imagine R zote zinakufikisha uwanja wa Roissy (Charles de Gaulle) kwa RER B na wa Orly kwa metro namba 14. Na hata ukishapata kadi ya mwaka, igusishe kwenye mashine kila unapopanda, basi pia. Kulipia hakukuondolei faini ya kutogusisha.

Kwa wale waliovuka umri: mtakaa na Navigo ya kawaida, na ile ya mwaka inatoka kwa bei ya miezi kumi na mmoja. Ukipata kibarua au mafunzo ya kazini, mwajiri anatakiwa kisheria kukurudishia nusu ya gharama ya pasi, Imagine R ikiwemo. Hatakukumbusha. Peleka risiti kila mwezi. Na kwa safari za mbali, kadi ya Avantage Jeune ya SNCF, shirika la reli la Ufaransa, ni yuro 49 kwa mwaka, inapunguza asilimia 30, na inapokea watu hadi miaka 27, kwa hiyo wengine hamjazeeka kote.

Anayekwenda Montpellier afunge mabegi kwa furaha: tangu Desemba 2023 wakazi wa manispaa zake 31 wanapanda tramu na basi bure. Dunkerque mabasi ni bure kwa kila mtu tangu 2018, hata mgeni aliyeshuka leo. Ila pasi ya Montpellier inataka uthibitisho wa makazi, kwa hiyo mkataba wa nyumba uwe na jina lako.